Penseli Chini ya Kiganja

Sehemu ya saba

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, nikupe kwa ufupi.

Mimi ni fundi wa vioo. Mke wangu naye ni fundi wa vioo. Miaka ishirini na miwili tumebeba vioo pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Mimi humwita Bosi, kwa sababu yeye ndiye anayepima na mimi ndiye ninayekata. Yeye huniita Fundi.

Siku tisa kabla ya haya ninayokusimulia leo, tulikuwa tunapachika kioo cha mbele cha duka la viatu. Mimi nilikuwa ndani, yeye nje. Kona ya chini ikagonga fremu, kioo kikalia. Bosi akasema, "Achia," akaachia, akarudi nyuma. Kioo kikamwangukia. Akakinga uso kwa mkono wa kulia, nacho kikamkata kifundo cha mkono mpaka kwenye kano.

Hapo ndipo tuliposimama. Na nilikuacha ukiamini, kama walivyoamini watu wote waliokuwepo, kwamba Bosi aliachia mapema.

Nimekuzungusha sehemu sita nzima. Leo sizungushi.

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu, niliyofundishwa hata kabla sijaruhusiwa kufuta vumbi kwenye kioo, ni hii: kioo kikivunjika mikononi usikidake. Fungua mikono, ruka nyuma. Mkiachia wawili, kinashuka wima katikati yenu na kuishia chini. Akiachia mmoja tu, kinageuka na kumfuata yule aliyeachia.

Bosi aliifuata kanuni. Mimi pia nilitaka kuifuata. Niliuamuru mkono wangu wa kulia ufunguke, na mkono haukufunguka.

Kidole cha pete na kidole kidogo vilikuwa vimejikunja chini ya ukingo wa kioo kama ndoano. Niliporuka nyuma niliondoka na kioo upande wa chini, na upande wa juu ukaenda kwa mke wangu.

Bosi hakuachia mapema. Aliachia kwa wakati. Asiyeachia ni mimi.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya hapo, maana hilo la kioo ni bahati mbaya, lakini hili ni langu.

Alipozinduka baada ya upasuaji, alinitafuta kwa macho kwanza.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Sijaumia."

"Nisamehe, Fundi. Niliachia mapema."

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa na mimi nimesimama kizingitini. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu. Badala yake nikamshika mkono wa kushoto, nikamwambia, "Usijali. Yameshapita."

Nikamsamehe kosa langu mwenyewe, naye akanishukuru.

Tangu hapo kila aliyekuja kumjulia hali alielezwa na Bosi mwenyewe. Alimweleza mwenye duka la viatu. Alimweleza nesi. Alimweleza binti yetu kwa simu, maana yuko mbali na ana mtoto mchanga. "Ni mimi, niliachia mapema." Kila akisema, alinitazama kidogo. Nami kila mara nilitazama dirisha.

Aliyekuwa akikaa naye mchana ni dada yake mkubwa. Huyu shemeji yangu alifundisha hesabu miaka thelathini, na tangu siku ya harusi yetu ananisahihisha. Nikinyamaza nina kiburi, nikisema nina domo. Safari hii nilikuwa na kosa la kujaza daftari zima, na hakuliona.

"Miaka yote hiyo unabeba vioo," alikuwa akimgombeza mdogo wake asubuhi ya siku ya tisa, "unaachiaje mapema?"

"Akili iliteleza, dada."

"Ungemkata mwenzio."

"Najua."

Shemeji akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili sauti yake ilikuwa laini. "Pole, shemeji. Umeponea chupuchupu."

Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Kisha akafungua mkoba, akatoa vitu alivyoagizwa na Bosi avitoe nyumbani kwetu. Nguo ya kulalia. Sabuni. Mafuta ya kupaka. Na penseli.

"Mgonjwa wa mkono wa kulia anataka penseli ya nini?" akauliza.

"Nataka kujifunza kuandika kwa kushoto," Bosi akajibu, akaipokea na kuiweka chini ya mto.

Penseli hiyo naijua. Ni nyekundu, fupi, imetafunwa upande mmoja. Ilikuwa ikikaa dirishani kwetu ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Nyumba yetu ina penseli kumi na kitu, za kuchorea vipimo. Lakini yeye aliagiza hii.

Nikueleze kwa nini.

Miaka miwili na nusu iliyopita mimi na Bosi tulikwenda kwa daktari wa mikono, huyuhuyu aliyemshona Bosi. Nilikuwa na kijivimbe kigumu kiganjani, chini ya kidole cha pete, na kidole kimeanza kuinama. Nilidhani ni sugu ya kazi. Nilishakanda kwa maji moto, nilishafungia kibao, nilishapaka kila kilichouzwa ndani ya kichupa.

Daktari alinieleza kwamba chini ya ngozi ya kiganja kuna utando. Kwa watu wengine utando huo unakuwa mnene, unageuka kamba, na kamba inavuta vidole kuja ndani. Si sugu, na haukandiki.

Alitupa njia mbili, kisu au sindano. Bosi akasema, "Kata. Tupumzike miezi mitatu, tusahau." Mimi nikasema sindano.

Nilimwambia kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu anashinda siku nzima amekumbatia vioo vyenye makali, halafu anaogopa kisu kidogo cha daktari.

Na sindano ilifanya kazi. Vidole vilinyooka siku ileile. Tukarudi nyumbani tunacheka, na Bosi akanilazimisha nimpungie mkono kila tuliyepishana naye, hata tusiowajua.

Lakini kabla hatujatoka, daktari alitupa sharti. "Ugonjwa huu huwa unarudi bila kubisha hodi. Kila Jumapili laza kiganja mezani, mwenzio ajaribu kupitisha penseli chini ya vidole. Siku itakayopita, mje. Msingoje ya pili."

Miezi ya mwanzo Bosi aliipitisha mwenyewe. Penseli inagonga kidole, inakwama. "Haijapita," anatangaza, kisha tunakunywa chai.

Ikaja Jumapili nikaamka kabla yake, nikajipima peke yangu. Penseli ikapita.

Nikaipitisha tena, polepole, nikibonyeza mkono kwa mkono mwingine. Ikapita tena. Nikairudisha kikombeni.

Bosi akatoka chumbani. "Fundi, penseli imepita?"

"Haijapita. Nimeshajipima."

Akaniamini, akawasha jiko. Kuanzia hapo ikawa desturi yetu: yeye anauliza kutoka jikoni, mimi najibu kutoka mezani. Vidole aliviona vimeinama. Nilimwambia daktari alisema kuinama kidogo si neno, neno ni penseli. Kazini nikaanza kuvaa glavu kutwa nzima, na nyumbani mkono ukahamia mfukoni.

Jumapili sitini na tisa. Nimezihesabu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba wakati mwingine anayeumia ni mtu wa pembeni.

Basi, siku hiyo ya tisa, saa nne asubuhi, daktari wa mikono aliniita ofisini. Ni chumba kidogo, meza, viti viwili, na mkono wa mifupa ya plastiki uliokosa kidole gumba. Alitaka nitie saini ratiba ya mazoezi ya Bosi.

"Kano zimeshika vizuri," akasema. "Atakunja, atakunjua. Ila mshipa wa fahamu ulikatika. Kidole cha shahada na cha kati pengine havitarudisha hisia zote."

"Maana yake nini?"

"Atashika kitu bila kujua amekishika wapi."

Nikamwelewa kuliko alivyojua. Fundi wa kioo hatazami ukingo, anausikia kwa vidole. Bosi alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa, amefumba macho, ananiambia, "Hapa umetetemeka." Hakukosea hata mara moja. Kipaji hicho nimekizima mimi.

Nikachukua kalamu nitie saini. Siku hizi naishika kwa dole gumba na vidole viwili, hivi vingine vimelala ndani kama wageni waliokataa kuamka. Daktari akanitazama mkono mpaka nikamaliza.

"Weka kalamu chini," akasema. "Laza kiganja mezani."

Nikalaza. Hakuhangaika na penseli. Alichukua kichupa cha dawa kilichokuwa mezani, akakisukuma chini ya vidole vyangu. Kikapita.

"Tangu lini?"

"Si muda."

"Mzee wangu, mimi si mkeo. Niambie ukweli."

Sijui kama alijua alichokisema. Kilinipata pale pale.

"Mwaka mmoja na miezi minne," nikasema.

Akatazama faili la Bosi, akatazama mkono wangu, akarudi kwenye faili. Nilimwona akiunganisha.

"Siku ile kioo kilipovunjika, mkono huu ulifunguka?"

"Haukufunguka."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutoka. Nikamwambia mtu ambaye hakuwa wa kuambiwa kwanza.

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

Akashusha pumzi. "Hilo ni lenu, mimi siliingilii. Langu ni mkono. Mara nyingi ugonjwa huu huenda kwenye ukoo. Nani mwingine kwenu anao?"

"Hakuna," nikaanza kusema, kisha nikamkumbuka baba.

Baba yangu mtaa mzima ulimwita Birika, kwa sababu mkono wa birika ni mkono wa mchoyo, na yeye alisalimia watu kwa ngumi. Hakuwahi kumpiga mtoto kofi. Wenzetu walituonea wivu mpaka siku walipoonja konzi lake.

Kichwani pia hakuwahi kutupapasa. Aliweka ngumi juu ya nywele zangu, akaiacha hapo kidogo, kisha akaenda kazini. Nilikua nikiamini kwamba baba ananipenda kwa hasira.

Alipofariki, waliomwosha walishindwa kumfungua vidole, akazikwa hivyo. Watu wakatania kwamba Birika hata kaburini ameondoka na kitu mkononi. Nami nilicheka nao, mtoto wake wa kumzaa.

"Baba," nikamwambia daktari. "Baba yangu."

Akauvuta mkono wangu, akaanza kuusoma kwa vidole vyake kama Bosi anavyosoma kioo.

"Kidole cha pete kimekunjikia kiungo cha chini. Hicho kitanyooka. Hiki kidogo kimekunjikia kiungo cha kati, na hicho sikuahidi. Ungekuja penseli ilipopita mara ya kwanza ningekuahidi."

"Kuna njia gani?"

"Sindano, kama mara ile. Nakutia ganzi, naichoma kamba mahali pengi mpaka ilegee, nakinyoosha kidole ikatike. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo, wiki moja unashika kikombe. Lakini tabia yake umeshaiona. Kwako ilirudi haraka, na ikirudi tena haitakuwa na haya."

"Na kisu?"

"Nafungua kiganja, nautoa utando uliougua. Nyuzi wiki mbili. Banzi la kunyooshea vidole, usiku, miezi kadhaa. Mazoezi kila siku, na yanauma. Kioo hushiki miezi mitatu. Kuna hatari ya kugusa mshipa wa fahamu, sikufichi. Ila hii hukaa muda mrefu zaidi."

"Nilisikia kuna dawa inayoyeyusha hiyo kamba."

"Ipo kwingine. Hapa hatuna, na sitaki uisubiri."

"Na nikiacha?"

"Vitashuka mpaka viguse kiganja. Utakuwa unanawa uso unajichokoa jicho."

Nikautazama mkono wangu. Nikamwona Bosi kitandani, anamwomba radhi kila anayeingia.

"Basi niache, daktari," nikasema. "Vijikunje. Ndiyo haki yangu."

Nilidhani nimesema jambo la kiume. Daktari akaliweka faili mezani kwa nguvu.

"Adhabu hiyo ataitumikia nani? Mkeo anatoka keshokutwa, mkono mmoja umefungwa wiki sita. Vifungo atafungiwa na nani? Nywele atachanwa na nani? Na wewe na ndoano zako, kwa miaka yote iliyobaki? Mzee wangu, hiyo si toba. Ni uvivu."

Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi watu wazima wawili tulikuwa tumebaki na mikono miwili ya kushoto.

"Mara ile ulichagua kwa woga," akasema, sauti imepoa. "Leo unataka kuchagua kwa aibu. Nenda kamuulize mwenzako, mchague wawili."

Akanipa karatasi. Mgonjwa wake wa kesho saa mbili asubuhi alikuwa ameghairi, nafasi hiyo angeweza kunipa. Nyingine ni mwakani. Lakini alikuwa na sharti, na safari hii alilipigia mstari kwa kalamu.

"Simkati mtu asiye na wa kumsaidia nyumbani. Wanarudi kwangu wamejikunja upya, kwa sababu asubuhi hakuna wa kuwanyoosha. Hapa aandike jina lake, kwa mkono wake, huyo atakayekunyoosha vidole. Mkono wa kushoto unatosha. Kinachohitajika ni subira."

Nikatoka nimeishika karatasi kwa mkono wa kushoto. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Kumuuliza Bosi nichague nini ni kumwambia kwamba penseli ilipita. Kumwambia penseli ilipita ni kumwambia mengine yote.

Nilimkuta peke yake. Dada yake alikuwa amekwenda kutafuta maji ya moto. Bosi ameketi, mkono wenye bandeji juu ya mto, na kile kimeza cha magurudumu cha kuwekea chakula kiko mbele yake, kimefutwa safi.

"Bosi, nina jambo," nikasema.

"Najua. Una jambo tangu mwaka jana."

Akaingiza mkono wa kushoto chini ya mto, akatoa penseli, akailaza juu ya kimeza.

"Fundi," akasema, kwa sauti ileile ya jikoni, "penseli imepita?"

Nikautoa mkono mfukoni, nikaulaza mbele yake. Aliisukuma penseli kwa kidole kimoja. Ikabiringika chini ya vidole vyangu, ikatokea upande wa pili, ikaanguka kitandani.

"Imepita," nikasema. "Imepita siku nyingi. Na siku ile hukuachia mapema, Bosi. Mimi ndiye sikuachia. Mkono haukufunguka."

Nilimngoja ashtuke, apige kelele, anitukane, chochote. Hakushtuka.

"Glavu zako nani anazishona?" akauliza.

"Wewe."

"Glavu ya mtu huchakaa kwenye ncha. Ya kwako, vidole hivi viwili, ncha ni mpya kama zimetoka dukani leo, na mgongoni pametoboka. Nimepaziba mara nne. Mtu anayeshona haoni kwamba vidole haviingii humo?"

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?" Ona uso wangu ulivyo mkavu. Nikamuuliza mimi.

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Kila Jumapili nilikuuliza. Unadhani nilikuwa nauliza habari za mkono? Za mkono nilikuwa nazo. Nilikuwa nataka kujua kama bado nina mtu wa kuniambia kitu."

Nikataka kumshika. Akausogeza kando mkono wake mzima.

"Ngoja nimalize. Nilijua haufunguki, na nikabeba kioo na wewe hivyohivyo. Hilo ni langu, simsukumii mtu. Hata hiki," akaonyesha bandeji kwa kidevu, "ningekibeba. Kazi ina makali, tumekatwa mara ngapi."

"Basi ni nini?"

"Nilipozinduka nilikuomba msamaha. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuomba makusudi. Nilisema, hapa hawezi kunyamaza. Mume wangu hawezi kuniacha niombe radhi kwa ajili ya mkono wake. Ukaupokea. Ukaniambia yameshapita."

Wodini mtu alikuwa akikohoa, na mwingine akicheka na simu. Nilitamani wote wanyamaze, kisha nikatamani wasinyamaze.

"Nikasema labda ameshtuka, nimpe siku. Nikamwambia mwenye duka mbele yako, nikakutazama. Nikamwambia nesi, nikakutazama. Nikamwambia mtoto wetu, Fundi. Mtoto wetu. Nikakutazama. Kila mara najiambia, sasa atanikatiza. Wewe unatazama dirisha. Siku tisa. Dirisha hilo lina nini?"

Halina kitu. Lina ukuta wa jengo la pili na bomba la maji.

Nililia. Sikulia kiume wala kistaarabu. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani kunisitiri. Bosi hakulia. Alikuwa ameshamaliza yake, nadhani, kwenye siku zile ambazo mimi nilikuwa nakwenda nyumbani kulala.

"Nisamehe," nikasema.

"Sijui," akasema. "Kweli, sijui. Ningekuwa najua ningekwambia."

Akaiona karatasi. "Hiyo ni ya nini?"

Nikamweleza yote. Sindano inayorudi, kisu kinachouma, kidole kidogo kisichoahidiwa, nafasi ya kesho saa mbili. Alisikiliza kama anavyosikiliza vipimo vya kazi, ametulia, anapima. Kwa dakika chache tulikuwa wawili tena mbele ya kazi moja, na moyo wangu mjinga ukaanza kutumaini.

"Chagua kisu," akasema. "Nilikwambia tangu mwanzo."

"Nitachagua. Lakini wanataka jina la atakayeninyoosha vidole. Aandike mwenyewe."

"Wapi?"

Nikamwonyesha pale palipopigwa mstari. Akaiokota penseli kitandani kwa mkono wa kushoto, akaisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, kama anayeogopa kukosea mtihani. Kisha akainama, akaanza kuandika. Herufi moja moja, zimepinda, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Nilishikilia karatasi isiteleze.

Nilikuwa nimeshaanza kushukuru kimoyomoyo. Nilijiambia, akinyoosha vidole hivi kila asubuhi, nitakuwa namwambia kitu kimoja cha kweli kila asubuhi, mpaka deni liishe.

Jina la mke wangu ni refu. Mapema mno, akaweka penseli chini.

Nikaigeuza karatasi niisome. Pale palipotakiwa jina, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza, ameandika: Hakuna.

"Nikitoka hapa naenda kwa dada," akasema taratibu. "Mpaka nijue."

Kabla sijajibu, pazia likasogea, shemeji akaingia na chupa ya maji ya moto, akaiona penseli, akaona karatasi mkononi mwangu, na uso wake wote ukafunguka.

"Mmeshaanza kuandika?" akasema kwa furaha. "Mwone mdogo wangu. Hata kosa lenyewe umelifanya wewe, lakini hukai kujihurumia. Hebu, shemeji, nione."

Akanyoosha mkono aichukue. Bosi akageuza uso, akanitazama, kama alivyokuwa akinitazama siku zote zile tisa, akangoja.